Mti Uliobanduliwa Gome

Siku moja nilikwenda kulitembelea darasa la kisomo katika kijiji kimoja cha mkoa wa Tabora. Wanakisomo walikuwa wanasoma kwa sauti habari za mimea. Kitabu kilisema kwamba mmea ukikosa maji hufa. Mzee mmoja, mrina asali wa miaka mingi, akainua mkono.

"Hapo kitabu hakijamaliza habari," alisema. "Mimi nina mti wangu porini, mtundu. Mwaka juzi niliubandua gome nikatengeneza mzinga wa nyuki. Mizizi sikuigusa. Majani sikuyagusa. Mvua ilinyesha vizuri. Mti ule ukakaa na majani mabichi miezi mingi, hata nikasema umepona. Sasa umekauka wote. Maji ulikuwa nayo. Haya, umekufa kwa nini?"

Mwalimu wa darasa akanitazama mimi. Mimi nikatazama chini. Shuleni nilifundishwa mimea ubaoni tu, tena zamani.

"Mzee wangu," nilisema, "nipe muda. Nitarudi na jibu."

"Rudi nalo, mwanangu. Mti mwingine nimeshauchagua. Nangoja mvua tu."

Somo hili ndilo jibu nililorudi nalo. Mengine nilielezwa na bwana nyuki, mengine nimeyasoma vitabuni, na mengine tuliyaona wenyewe kwa kisu na matawi ya mpera.

CHAKULA CHA MMEA HUTENGENEZWA WAPI?

Watu wengi husema kwamba mmea unakula udongo, au unakula mbolea. Si hivyo. Kutoka katika udongo mmea huchukua maji, pamoja na chumvichumvi kidogo zilizoyeyuka katika maji hayo. Vitu hivi ni vya lazima, lakini bado si chakula.

Chakula chenyewe hutengenezwa katika majani. Jani lina matundu madogo sana, na katika miti mingi matundu hayo yako upande wa chini wa jani. Huwezi kuyaona kwa macho matupu. Hewa ya ukaa huingia katika jani kwa matundu hayo. Ndani ya jani mna rangi ya kijani. Rangi hiyo hunasa mwanga wa jua. Kwa nguvu ya jua, jani huunganisha hewa ya ukaa na maji, na kutengeneza sukari. Katika kazi hiyo hewa nyingine hubaki, nayo hutoka nje. Hewa hiyo ni oksijeni, ile tunayoihitaji sisi tunapovuta pumzi.

Sukari ndiyo chakula cha mmea. Mmea huweza kuigeuza ikawa wanga wa mhogo, mafuta ya karanga, au mbao ya mninga. Shika kipande cha kuni mkononi. Sehemu kubwa ya kuni hiyo ilikuwa hewa na maji kabla ya kupita katika jani.

Nilipoeleza haya, mama mmoja alicheka. "Kumbe!" alisema. "Mimi huchuma matembele kila siku kwa ajili ya mboga. Nikichimba, viazi ni vidogo kama vidole. Jirani yangu huchuma kidogo, na viazi vyake ni vikubwa. Nilidhani ananiroga." Darasa zima lilicheka. Lakini mama huyu alikuwa amelielewa somo kuliko wote. Kiazi kiko ardhini gizani. Hakiwezi kutengeneza chakula. Kinangoja kuletewa kutoka kwenye jani.

MMEA NAO UNAPUMUA

Sasa mmea una chakula. Unakitumiaje?

Wewe unakula ugali, na unavuta pumzi. Oksijeni unayoivuta hukutana na chakula ndani ya mwili wako. Hapo mwili unapata nguvu na joto. Kisha unatoa nje hewa ya ukaa. Mmea hufanya vivyo hivyo. Hauna pua wala mapafu, lakini kila sehemu yake iliyo hai inapumua: jani, shina, ua, mbegu na mzizi. Unapumua mchana na usiku. Ukiacha kupumua, umekufa.

Hapa watu huchanganya mambo mawili. Jani linapotengeneza chakula huchukua hewa ya ukaa na kutoa oksijeni. Linapopumua huchukua oksijeni na kutoa hewa ya ukaa. Mchana wa jua, jani hufanya yote mawili, lakini kutengeneza chakula kunazidi. Kwa hiyo oksijeni inayotoka ni nyingi kuliko inayoingia. Usiku hakuna jua, kwa hiyo linapumua tu. Daktari mmoja aliyezaliwa Uholanzi, Jan Ingenhousz, aliligundua jambo hili kwa majaribio aliyoyafanya Uingereza. Aliyaandika katika kitabu mwaka 1779.

Je, unataka kuhakikisha kwamba mmea unapumua? Loweka maharage usiku mmoja. Yamwage maji. Tia maharage hayo katika chupa ya chai, na uifunge kwa kitambaa tu ili hewa ipite. Baada ya siku mbili au tatu maharage yataanza kuota. Ingiza kidole. Utasikia joto. Hakuna aliyewasha moto. Joto hilo linatoka katika kupumua kwa mbegu.

Kwa sababu hiyo mahindi yanayowekwa ghalani kabla hayajakauka hupata joto. Punje mbichi inapumua kwa nguvu. Inatoa joto na unyevu, ukungu unapata mahali pa kukaa, na ukungu nao unapumua na kuongeza joto. Baadhi ya ukungu huo hutoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo huua watu. Punje kavu iko hai pia, lakini inapumua polepole mno. Ili mahindi yakae salama ghalani, unyevu wake usizidi sehemu 13 katika kila 100. Huna kipimo? Chukua chupa kavu, tia mahindi kiasi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa, uache itulie. Chumvi ikiganda pembeni mwa chupa, mahindi bado mabichi. Yarudishe juani.

Turudi kwa mizizi, maana swali la mzee liko huko. Mizizi inapumua kwa hewa iliyomo katika nafasi ndogo za udongo. Maji yakituama shambani, nafasi hizo hujaa maji. Mizizi ya mahindi hukosa hewa, na mahindi hunyauka ingawa yamesimama ndani ya maji. Mpunga haudhuriki, kwa sababu una mianya ya kupitisha hewa kutoka kwenye majani hadi mizizini. Ukienda pwani utaona mti uitwao mchu, ambao huota kwenye tope la bahari. Mizizi yake mingine huchomoza juu ya tope kama vijiti, ipate kupumua.

Basi mizizi inahitaji hewa ili ipumue. Lakini huwezi kupumua kwa hewa tu bila chakula. Na mzizi, kama kiazi, uko gizani. Nani anauletea chakula? Kinapita wapi?

NJIA MBILI KATIKA MTI

Mti una njia mbili, na haziko mahali pamoja.

Njia ya kwanza ni ya maji. Iko ndani, katika mti wenyewe, yaani ile sehemu ngumu tunayopasulia mbao. Humo mna mirija myembamba sana. Mirija hiyo imekwisha kufa, imebaki mitupu kama bomba. Maji hupanda kutoka mizizini hadi majani. Jua linapokausha maji kwenye matundu ya majani, maji mengine huvutwa kutoka chini kuziba nafasi.

Njia ya pili ni ya chakula. Hii iko nje, katika upande wa ndani wa gome. Ukibandua gome utaona utando mbichi, laini, wenye majimaji. Hapo ndipo ilipo mirija ya chakula. Mirija hii iko hai. Ndani yake inapita sukari iliyoyeyuka katika maji.

Kati ya njia hizi mbili pana utando mwembamba sana ulio hai. Upande wa ndani unatengeneza mti mpya, upande wa nje unatengeneza gome jipya. Hivyo ndivyo mti unavyonenepa. Wakati wa mvua utando huu unafanya kazi sana na unakuwa mlaini. Warina asali wanalijua jambo hili bila kitabu: wakati wa mvua gome hubanduka kwa urahisi, wakati wa kiangazi hung'ang'ania.

Chakula husukumwaje? Mwaka 1930 Mjerumani aitwaye Ernst Münch alilieleza hivi. Jani hupakia sukari katika mirija. Palipo na sukari nyingi, maji huingia kuifuata. Mirija hujaa na kukaza. Kule mizizini sukari inashushwa, itumike au iwekwe akiba. Maji nayo hutoka, na mirija hulegea. Basi utomvu mtamu hutoka palipokaza kwenda palipolegea. Mwendo wake ni polepole, kwa kawaida karibu mita moja kwa saa, au pungufu. Kwa mti mrefu, chakula kilichotengenezwa juu asubuhi huenda kisifike mizizini siku hiyo.

Usidhani chakula hushuka tu. Kinakwenda kunakohitajika: kwenye tunda, kwenye chipukizi, kwenye mzizi. Wakati mwingine kinapanda. Tazama miti ya miombo mwezi wa Septemba na Oktoba. Mvua bado, nchi imekauka, lakini miombo inatoa majani mapya, mengi yakiwa mekundu. Nguvu hiyo inatoka wapi? Inatoka katika akiba ya chakula iliyowekwa katika shina na mizizi.

Wadudu wanaijua njia hii. Kidukari, yule mdudu mdogo anayekaa kwenye kunde, ana mdomo kama sindano. Huuchoma mrija wa chakula, na utomvu huingia mdomoni kwa msukumo wake wenyewe. Anapata sukari kupita kiasi, na inayobaki huidondosha. Ndiyo maana ukiona vidukari utaona na sisimizi. Watu wa pwani pia wanaijua. Mgema anapolikata kole la mnazi na kuning'iniza kibuyu, anakinga sukari iliyokuwa njiani kwenda kulisha maua na nazi.

KISU NA TAWI LA MPERA

Maneno hayatoshi. Darasa tulifanya jaribio. Si jipya: Marcello Malpighi, daktari wa Italia, alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1675. Nanyi mnaweza kulifanya.

Tulichagua matawi matatu ya mpera, kila moja unene wa kidole gumba. Tawi la kwanza tulilibandua gome kulizunguka lote, kama pete, upana wa vidole viwili. Tulikwangua vizuri utando laini mpaka mti mweupe ukaonekana. Tawi la pili tulilibandua upande mmoja tu, upande wa pili tukauacha. Tawi la tatu tulilibandua pete kama la kwanza, halafu tukalifunga jeraha kwa udongo wenye unyevu na mfuko wa plastiki.

Wiki ya kwanza hakuna kilichoonekana. Majani yote yalikuwa mabichi. Vijana wakaanza kusema kwamba mwalimu ameshindwa.

Baada ya wiki kadhaa, mzee alipapasa tawi la kwanza. Ukingo wa juu wa jeraha ulikuwa umevimba kama mdomo. Ukingo wa chini haukuvimba. Alipapasa tena akanyamaza. Kisha akasema, "Chakula kimefika hapa kikakuta daraja limevunjika."

Tawi la pili lilikuwa linaziba jeraha lake taratibu, maana upande mmoja njia ilikuwa bado wazi. Tawi la tatu tulilifungua baada ya kama miezi miwili. Juu ya jeraha, pale chakula kilipokusanyika, mizizi myeupe ilikuwa imeota ndani ya udongo. Tulilikata tawi chini ya mizizi tukalipanda. Wakulima wa miche ya matunda hutumia ujuzi huu kila siku. Kisu hiki hiki kinaua mti na kinazalisha mti.

MTI WA MZEE ULIKUFA KWA NINI?

Mzinga wa gome hutengenezwa kwa kubandua gome zima kuzunguka shina, urefu wa mita moja au zaidi. Njia ya maji haikuguswa, kwa sababu iko ndani. Maji yaliendelea kupanda, na majani yakabaki mabichi. Hili ndilo lililomdanganya mzee, na nadhani limewadanganya wengi. Mti ulionekana mzima kwa sababu jeraha lilikuwa limezuia njia isiyoonekana.

Lakini chakula hakikushuka tena. Mizizi ilikuwa na akiba, ikaendelea kupumua kwa akiba hiyo. Akiba ilipokwisha, mizizi ikaanza kufa. Mizizi iliyokufa haivuti maji. Hapo ndipo majani yalipokauka. Kwa hiyo, mzee wangu, mti wako ulikufa kwa njaa kwanza, kiu ilikuja baadaye. Kuna miti inayowahi kuchipua chini ya jeraha. Majani ya machipukizi hayo huweza kuilisha mizizi, na kisiki kikabaki hai. Lakini shina la juu limekwenda.

Kijana mmoja aliyewahi kuishi Dodoma hakukubali. "Mbona Wagogo wanabandua mbuyu kupata kamba, nao haufi?" Ni swali zuri. Mbuyu si kama mtundu. Shina lake ni laini na limejaa sehemu zilizo hai, nalo huweza kutengeneza gome jipya pale lilipobanduliwa. Mnazi nao ni mbali. Mirija yake ya maji na ya chakula imetawanyika ndani ya shina zima. Ndiyo maana wakwezi hukata ngazi katika shina na mnazi unaendelea kuzaa. Lakini mwembe, mpera, mchungwa, na miti ya miombo hufa ikibanduliwa pete. Mbuzi wakitafuna gome la mwembe mchanga kuuzunguka, matokeo ni yale yale. Zungushia miiba mapema. Na anayechukua gome kwa dawa achukue kipande chembamba cha upande mmoja tu, kirefu kwenda juu, asizunguke shina.

HESABU YA MIZINGA

Jioni ile mzee aliomba chaki. Alikuwa amejifunza hesabu mwaka huo. "Mimi nina mizinga 40," alisema. "Mzinga wa gome haudumu. Kila mwaka kama 10 huoza, nabandua mingine." Akaandika ubaoni: 10 × 20. Alikuwa amefanya kazi hiyo kwa miaka 20. Akapata 200. Akaitazama namba ile muda mrefu.

"Zamani mizinga yangu ilikuwa karibu na nyumbani," alisema. "Sasa natembea siku nzima kuifikia. Nilisema nyuki wamehama."

Nyuki hufuata maua. Mtundu na miti mingine ya miombo ndiyo inayotoa maua mengi wanayoyategemea nyuki wa Tabora. Maji matamu ya ua ni sukari ile ile iliyotengenezwa katika jani, ikapita katika gome mpaka kwenye ua, nyuki akaichukua. Asali yote ya miombo imepita kwanza ndani ya gome. Anayebandua gome apate mzinga anaikata njia iliyokuwa inaijaza asali mizinga yake mingine.

Bwana nyuki aliwaonyesha wanakisomo mzinga wa mbao wenye vijiti juu. Unadumu zaidi ukitunzwa, na asali hutolewa bila kuharibu masega yote. Ubaya wake ni mbao. Zinauzwa ghali, na sitawaficha kwamba wazee wengi waliguna waliposikia bei. Mzee wetu alisema atachonga magogo ya miti iliyoanguka yenyewe, na mizinga ya zamani ataitumia mpaka iishe. Mti aliokuwa ameuchagua bado umesimama. Amefunga kitambaa chekundu shinani ili wengine wajue una mwenyewe.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mti uliobanduliwa gome hubaki na majani mabichi kwa muda. Kwa nini?

2. Mama anachuma matembele, na pia anataka viazi vikubwa. Afanyeje?

3. Jirani anasema, "Mmea unapumua usiku tu." Utamjibu nini?

4. Katika kijiji chenu magome hutumika kwa kazi gani? Taja miti inayobanduliwa. Nendeni mkaitazame: ni mingapi imebanduliwa upande mmoja, na ni mingapi imezungushwa pete?

5. Fanyeni jaribio la matawi matatu ya mpera. Andikeni tarehe mliyobandua, na tarehe mliyoona ukingo wa juu umevimba.